Nilikuwa sahihi kuhusu dawa, mbona wamenuna?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfamasia, nina mwaka wa pili kazini katika hospitali ya mkoa. Mwezi uliopita daktari bingwa alimwandikia antibiotiki ya ceftriaxone kichanga wa siku 9 ambaye alikuwa anapewa maji ya drip ya Ringer Lactate. Nilirudisha cheti cha dawa na juu yake nikaandika: "Daktari, haya ni mambo ya mwaka wa pili chuoni. Tuwe makini na maisha ya watu." Nikakipiga picha, nikaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp kazini ili wengine wajifunze. Dawa ilibadilishwa, lakini tangu siku ile daktari hapokei simu zangu, masista wa wodi ya watoto wananiita "Mwalimu Mkuu", na mfamasia mmoja aliyenitangulia kazini anarusha vijembe kwenye kundi kwamba vijana wa siku hizi wana vyeti ila hawana adabu. Wenzangu wananishauri ninyamaze. Je, adabu kazini ni kunyamaza? Na niombe radhi wakati nilikuwa sahihi? (Mfamasia, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Kuhusu dawa ulikuwa sahihi, na nianze hapo ili tusizunguke. Ceftriaxone ikikutana na maji yenye kalsiamu hutengeneza chembe ngumu. Kuna vichanga waliofariki na chembe hizo zikakutwa kwenye mapafu na figo zao. Ndiyo maana mtoto mwenye siku 28 au pungufu hapewi dawa hiyo akiwa kwenye maji yenye kalsiamu, Ringer Lactate ikiwemo. Mtoto yule alihitaji mtu wa kuisimamisha dozi, na mtu huyo ulikuwa wewe. Wanaokuambia unyamaze wanakupa ushauri ambao mgonjwa anayefuata ndiye atakayeulipia.

Sasa soma tena ulichoandika. Hakuna jina la dawa. Hakuna umri wa mtoto. Hakuna neno kuhusu Ringer Lactate, wala unachotaka kifanyike, wala kama dozi umeitoa au umeizuia. Sentensi mbili nzima, na yaliyomo ni mawili tu: kiwango cha elimu ya daktari na kiwango cha uangalifu wake. Kama cheti kile kingefika mikononi mwa daktari wa zamu ya usiku, kijana aliyemaliza chuo juzi, angeelewa kwamba kuna mtu amekasirika na asingejua afanye nini. Hilo ndilo kosa ninaloliona kwanza, kabla hata ya kufika kwenye mambo ya kuvunjiana heshima. Ujumbe wako haukuwa mkali mno. Ulikuwa mtupu.

Nimesoma maandishi mengi ya aina hii kwa miaka niliyofundisha, ya wafamasia, wauguzi, wataalamu wa maabara, na karibu mara zote naona jambo lile lile: hasira hukaa kwenye kiti ambacho taarifa ingekaa. Mtu akiandika "hii ni hatari na aibu" anahisi ameshasema yote, kwa hiyo hasemi hatari ni ipi. Ukilazimika kueleza kwa ukamilifu, nafasi ya kejeli inakwisha yenyewe. Mimi ningeandika hivi:

"Dkt., kichanga wa kitanda namba 7 ana siku 9. Ameandikiwa ceftriaxone na yuko kwenye Ringer Lactate. Kwa umri huu viwili hivi havitolewi pamoja kwa sababu ya chembe za kalsiamu. Nimesimamisha dozi ya saa 2 usiku. Napendekeza ampicillin na gentamicin. Cefotaxime nayo ipo stoo. Kama kuna sababu ambayo haijaandikwa kwenye faili, naomba unijulishe. Nipo famasi hadi saa 4."

Hakuna "samahani" humo, hakuna "kwa heshima na taadhima", hakuna kile kikatuni cha viganja vilivyounganishwa. Hata hivyo msomee mtu yeyote, atakuambia umeandika kwa adabu. Daktari anajua mgonjwa ni nani, tatizo ni nini, wewe umeshafanya nini, njia nyingine ni zipi na akupate wapi. Hajapotezewa muda na hajavuliwa nguo. Angalia pia kwamba kinachozungumzwa ni dozi, umri na maji. Daktari mwenyewe anatajwa pale tu anapoombwa kitu. Utakuta kwamba makosa mengi ya kitaalamu yanaweza kusemwa kikamilifu bila neno "umekosea" kutokea hata mara moja, na anayesoma anajua fika kwamba amekosea.

Ile sentensi ya "kama kuna sababu ambayo haijaandikwa" usiichukulie kama pambo. Iandike kwa sababu mara nyingine sababu ipo. Chukua mgonjwa wa VVU aliyeandikiwa dolutegravir miligramu 50 mara mbili kwa siku. Kwa kawaida ni mara moja. Mfamasia mwenye haraka ataona dozi imezidishwa maradufu na ataanza kuandika somo. Kumbe mgonjwa anatumia dawa za kifua kikuu, rifampicin iliyomo kwenye dawa hizo inashusha kiwango cha dolutegravir mwilini, na ile dozi ya mara mbili ndiyo inayotakiwa. Kadi ya kifua kikuu iko kliniki nyingine, wewe hujaiona. Ukiwa umeuliza, utajibiwa na kazi itaendelea. Ukiwa umeshaandika "haya ni mambo ya mwaka wa pili", hapo mwaka wa pili unakurudia wewe, na mbele ya watu.

Pengine utaniambia hukukusudia dharau, kwamba kichwani mwako sentensi ile ilikuwa na sauti ya utani wa kikazi. Nakuamini. Tatizo ni kwamba sauti hiyo haikufika kwenye karatasi. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake, watafiti wa saikolojia Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya kuhusu jambo hili. Watu waliandikiana sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, na waandishi wakaulizwa wanadhani wasomaji watatambua ipi ni ipi kwa kiasi gani. Walitabiri asilimia 78 hivi. Waliosikia sentensi zile kwa sauti walipatia karibu asilimia 73. Waliozisoma kwa barua pepe walipatia kama asilimia 56, na kumbuka kwamba aliyebahatisha tu kwa kurusha shilingi angepata 50. Mwandishi anaisikia sauti yake mwenyewe anapoandika, hivyo anadhani imeandikika. Kwa hiyo utani, kejeli na "nilikuwa nachokoza tu" uvihifadhi kwa ajili ya chai ya saa 4, uso kwa uso.

Na hili si suala la kubembeleza mabingwa. Kuna utafiti mwingine ningependa uujue, uliochapishwa mwaka 2015 na Arieh Riskin na wenzake kutoka Israeli. Timu 24 za madaktari na wauguzi wa vichanga mahututi ziliwekwa kwenye zoezi la kuigiza: mtoto njiti hali inabadilika ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa utumbo. Timu nyingine ziliambiwa na "mtaalamu kutoka nje" maneno ya kawaida tu. Nyingine aliziambia kwamba hakupendezwa na ubora wa tiba aliouona nchini kwao, na kwamba watu kama wao wasingedumu hata wiki moja katika idara yake. Hakumtukana mtu kwa jina. Hakupaza sauti. Zile timu zilizoguswa na maneno yale zilifanya vibaya zaidi kwenye kutambua ugonjwa na kwenye kutoa huduma yenyewe, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba watu waliacha kupeana taarifa na kuombana msaada. Wauguzi na madaktari wazoefu, wakiwa kazini kwao, walipungua uwezo kwa sababu ya sentensi chache za mpita njia.

Sasa hesabu upande wako. Daktari hapokei simu zako. Wiki ijayo kuna kichanga mwingine, na simu ile ile inaita bila kupokelewa. Ulishinda ubishi wa mtoto mmoja ukaikata njia inayotumiwa na watoto wote. Bila shaka daktari naye ana makosa, maana mtu mzima mwenye dhamana ya wagonjwa hana ruhusa ya kususia simu ya famasi, na likiendelea una haki ya kulipeleka kwa mkuu wa idara. Ila swali umeliuliza wewe, hivyo najibu yaliyo mikononi mwako.

Tuje kwenye ile picha. Hapa sitakuwa mpole sana. Cheti cha dawa kina jina la mgonjwa, umri, wodi na namba ya faili. Kukiweka mbele ya watu wote wa kazini, wakiwemo wasiohusika na matibabu ya mtoto yule, ni kuvunja siri ya mgonjwa, na hilo halibadilishwi na nia yako njema. Kifute leo hii kama hujakifuta. Ukiacha mgonjwa, kuna suala la daktari: aliyekosolewa hadharani hana majibu mengi. Akikubali ameaibika, akijitetea anaonekana mbishi, akinyamaza watu wanamalizia wenyewe. Ukimbana mtu kwenye kona hiyo usishangae akichagua kukukwepa wewe badala ya kulikwepa kosa.

Lakini hoja yako ya kufundisha wengine ni ya kweli na sitaki uiache. Kosa la ceftriaxone na Ringer linaweza kumpata daktari yeyote wa zamu. Kilichotakiwa ni kulifundisha kosa bila mwenyewe kuonekana. Ungengoja wiki mbili tatu, kisha ukaandika nusu ukurasa: ceftriaxone kwa vichanga, maji gani yana kalsiamu, tutumie nini badala yake, stoo tuna nini. Bila jina, bila "juzi kuna mtu humu". Na kabla ya kutuma, ungemwonyesha yule daktari na kumwomba aongeze uzoefu wake. Nimeona mabingwa wakigeuka kuwa walimu wakubwa wa jambo ambalo liliwakwaza wao wenyewe, wakipewa mlango wa kuingilia.

Kuna wakati kosa lenyewe liko hadharani. Mfamasia mwenzako anawaandikia wanachama wenzake wote kwamba dozi ya dawa fulani kwa watoto ni kadhaa kwa kilo, na amekosea. Hapo masahihisho lazima yafike kote ambako kosa limefika, kwa sababu kuna watakaoifuata dozi ile usiku huu. Siri ya chemba haitoshi. Unachoweza kumpa mwenzako ni nafasi ya kujisahihisha: mpigie simu, "kaka, ile dozi nimeiangalia kwenye mwongozo naona tofauti, hebu tazama", umwachie asahihishe kwa mkono wake. Asipopatikana ndani ya saa moja mbili, andika mwenyewe, dozi sahihi na chanzo chake, umalize. Kama kuna mgonjwa anayesubiri sasa hivi, hata hiyo saa moja haipo.

Na usigombane ndani ya faili la mgonjwa. Nimeona mafaili ambamo daktari ameandika, famasi imejibu, daktari amejibu jibu, kwa wino wa rangi mbili. Faili ni kumbukumbu ya tiba, na siku moja linaweza kusomwa na ndugu wa marehemu au mahakama. Ndani yake andika kilichoonekana, uliyemjulisha, saa ngapi, na kilichoamuliwa. Basi.

Huyo mfamasia mkubwa wako wa vijembe nimemwekea nafasi yake, kwa sababu hili ni gonjwa letu kweli kweli. Sisi tumelelewa na mafumbo. Mwanamke wa pwani aliweza kumjibu jirani yake kwa kanga aliyojifunga bila kufungua mdomo, na jirani akazipata salamu akiwa anachota maji. Ni sanaa, nami naipenda ikiwa uani. Ikihamia kazini inaharibu kila kitu. "Kuna watu humu wanajiona wamesoma kuliko wote." Nani? Watu watano wanajihisi wao ndio wamelengwa, na yule aliyelengwa hasa hawezi kujibu, maana akijibu amejivika mwenyewe. Kijembe hakina dozi wala jina la mgonjwa, hakuna cha kukisahihisha. Ndiyo maana nakiona kibaya kuliko tusi la wazi: tusi unaweza kulilalamikia.

Kwa hiyo usimjibu kwa kijembe, hata kizuri kikikujia saa 6 usiku, na kitakujia. Usimjibu mbele za watu pia. Nenda ofisini kwake asubuhi, au mpigie: "Mkuu, shikamoo. Nimeona ulichoandika kuhusu vijana. Kama ni mimi, naomba uniambie wapi nilikosea, nitashukuru." Mara nyingi mtu wa vijembe akiulizwa ana kwa ana hulegea, kwa sababu aliandika vile kukwepa mazungumzo hayo hayo. Na anaweza kukuambia jambo la maana. Mtu aliyekaa famasi miaka 20 anajua ni daktari yupi wa kupigiwa simu, yupi wa kuandikiwa na yupi wa kuvizia akitoka wodini.

Hapo umeona nimeanza na shikamoo. Usidanganywe na wanaosema kazini ni taaluma tu, umri umeachwa getini. Haujaachwa. Sista wa wodi mwenye umri wa mama yako ni "mama" au "sista" kwa midomo yako hata kama kwa ngazi ya mshahara umempita, na daktari kijana aliyezaliwa baada yako ni "daktari" mbele ya mgonjwa hata kama ulimfundisha njia ya kantini. Vyeo hivi havikugharimu kitu. Vinakununulia nafasi ya kusema jambo gumu. Ila zingatia: ukishamsalimu mtu vizuri, sema jambo lenyewe. Kuna barua nimezisoma zenye mistari minne ya salamu, pongezi kwa uongozi na shukrani kwa Mwenyezi Mungu, na mstari wa tano unaosema "pia kuna suala la dozi". Msomaji ameshachoka.

Nakuonya juu ya upande huo kwa sababu naogopa utaondoka hapa ukiwa mpole kupita kiasi, na upole huo umewahi kuua watu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife katika visiwa vya Kanari, ndege ya KLM ilianza kukimbia kuruka kukiwa na ukungu mzito, wakati ndege ya Pan Am ilikuwa bado kwenye barabara hiyo hiyo. Mawasiliano ya redio yalikuwa yamevurugika. Fundi wa ndege ndani ya KLM alishtuka kwa alichokisikia, akauliza kama yule wa Pan Am ameshatoka. Nahodha, ambaye alikuwa miongoni mwa marubani wakubwa kabisa wa kampuni ile, akajibu kwa uhakika kwamba ametoka. Hakuna aliyesema tena. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi. Wasiwasi ulisemwa, lakini ulisemwa kama swali, na aliyekuwa juu aliufuta kwa neno moja.

Wenzetu wa anga walijifunza. Mwaka 1979 shirika la NASA liliitisha warsha kuhusu namna marubani wanavyofanya kazi pamoja, na mwaka 1981 United Airlines ikaanzisha mafunzo ambamo rubani msaidizi anafundishwa kupinga na nahodha anafundishwa kupingwa. Kutokana na mafunzo ya namna hiyo hospitali nazo zimechukua ngazi za kusema. Kwanza unauliza au kueleza unachokiona. Ukipuuzwa unasema una wasiwasi. Ukipuuzwa tena unasema huu si usalama. Ikibidi unasema "simamisha". Mgonjwa wa baridi yabisi akiandikiwa methotrexate kila siku badala ya mara moja kwa wiki, na aliyeandika anakuambia "toa tu", hapo huhitaji neno laini. "Daktari, siitoi dawa hii kila siku, itamuua. Nampigia mkuu wa idara sasa hivi." Ni sentensi ya adabu kabisa. Haina hata chembe ya kumhukumu mtu, ina dawa, ina sababu, ina hatua inayofuata.

Tena nikupe habari ya nyumbani. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa kwenye hospitali 8 kabla ya kusambazwa, na moja kati yake ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro, ikiwa sambamba na Toronto, London na Seattle. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ile ina mambo ya kitaalamu, dawa ya kuzuia maambukizi, kuhesabu vifaa na kadhalika, lakini kati ya yaliyomo ni kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi kila aliyemo chumbani anajitaja jina na kazi yake. Mtu aliyekwisha kutoa sauti mara moja chumbani anapata wepesi wa kuitoa mara ya pili, akiona kitu. Je, yule daktari bingwa anajua jina lako? Au alikufahamu kwa mara ya kwanza kupitia ile picha?

Hili linanileta kwenye kuwa na mtazamo mzuri, ambako watu wengi huelewa kusifu. Semina nyingi zitakufundisha kuweka lawama katikati ya sifa mbili. Mimi siipendi mbinu hiyo. Wafanyakazi wenzako si watoto. Baada ya mara ya pili wakiona sifa wanasubiri "lakini", na sifa yako ya kweli nayo inapoteza thamani. Ninachokupendekeza ni kutenganisha. Lawama iende peke yake, kamili, na pendekezo lake. Na sifa iende peke yake, siku nyingine, bila kitu nyuma yake. Famasi inajulikana wodini kama watu wanaorudisha vyeti. Lini umemwandikia daktari wa mafunzo: "Dkt., leo umeandika uzito wa mtoto kwenye kila cheti, umeturahisishia sana hesabu za dozi"? Hiyo ni sentensi moja, na kesho atauandika tena uzito. Mwambie sista aliyegundua kwamba vichupa viwili vinafanana na kuvitenganisha rafu kwamba umeona alichofanya. Sifa ya namna hii inataja kitendo, hivyo haiwezi kudhaniwa kuwa ya kujipendekeza.

Ukifanya hivyo miezi michache utaona jambo linaloweza kukushtua: makosa yanayoripotiwa yanaongezeka. Usiogope. Amy Edmondson, alipokuwa akichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali za Marekani, alitegemea timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu alizozichapisha mwaka 1996 zilionyesha kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Maelezo yake ni kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kusema, hivyo makosa yao yalionekana. Zile zilizokuwa na rekodi safi zilikuwa na woga. Idara ambayo daktari anakupigia mwenyewe, "dada, hebu niangalizie dozi hii kabla sijasaini", hiyo ndiyo unayotaka kufanya kazi ndani yake.

Sasa radhi. Ndiyo, omba. Hutaomba radhi kwa kuisimamisha ceftriaxone. Hilo usiliguse, maana ukilichanganya humo daktari atadhani umeyumba, na wadogo zako watajifunza kwamba kuzuia dozi hatari ni kosa la kuombea msamaha. Unaomba radhi kwa mambo mawili tu, sentensi uliyoandika na picha uliyotuma. Usiweke "kama nilikukwaza", kwa sababu unajua kwamba ulimkwaza. Usieleze ulivyokuwa umechoka. Andika fupi:

"Dkt., shikamoo. Mwezi uliopita niliandika kwenye cheti chako maneno ya dharau, na nikakisambaza kwa wenzetu. Yote mawili hayakuwa sawa, naomba radhi. Picha nimeifuta. Kuhusu dozi za vichanga ningependa tukubaliane njia ya kukupata haraka zamu zako zikiwepo, nami nitakuwa nakupigia kabla ya kuandika. Naandaa karatasi fupi ya dawa zinazogongana na maji ya drip kwa vichanga. Nitafurahi ukiipitia kabla haijatoka."

Kama anafikika, mweleze maneno haya kwa mdomo badala ya kumtumia, asubuhi baada ya raundi, pasipo na wagonjwa wala wanafunzi. Wale uliowatumia picha nao wanastahili sentensi moja, kwa sababu waliiona: "Picha ya cheti niliyoiweka mwezi uliopita haikustahili kuwekwa, nimeifuta na nimezungumza na mhusika." Ila hiyo itume baada ya kuzungumza naye, asije akaisikia kwa wengine. Asipokujibu kwa siku mbili tatu, itume hata hivyo, kisha endelea na ile karatasi ya vichanga.